Shangazi wa Visanduku

Mpaka leo watu wanagonga kwenye karakana yangu hapa Gitega kuuliza visanduku vya Shangazi vinaazimwa wapi siku hizi. Wanagonga kwangu kwa sababu mlango wake, uliopakana na wangu, umefungwa, na kwa sababu kwa miaka mingi mimi ndiye niliyetengeneza bawaba, kufuli na miguu ya visanduku vile. Nawaelekeza kwa binti wa dada yake, ambaye ndiye anayevitunza sasa, upande wa juu wa mtaa, nyuma ya msikiti. Wengine hushukuru na kwenda zao. Wengine hukaa kwenye benchi langu na kuanza kumzungumzia Shangazi, na hapo kazi yangu ya siku hiyo imeharibika.

Kwa damu alikuwa shangazi wa watu wachache, lakini kwa jina alikuwa wa mtaa mzima. Hata wakulima wa Makebuko wanaokuja sokoni na maharage yao, watu wa kanisa kama mimi, walimwita hivyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kukasirika, hata akisema asante. Aliuza udi, ubani, shanga na nyuzi katika kibanda kidogo sokoni. Kilichobaki baada ya chakula kiliingia kwenye visanduku: visanduku vya kuwekea vito vya wanawake, vya zamani, vingine vya mbao vilivyotiwa njumu za shaba, vingine vya bati lililochorwa maua, vyenye mahameli ndani na kioo chini ya kifuniko. Chumba kikubwa cha nyumba yake kilikuwa cha visanduku. Yeye mwenyewe alilala kwenye chumba kidogo pamoja na makopo ya ubani, na nguo zake zote zilinukia Ijumaa siku zote za wiki.

Na hakuwa na kito hata kimoja. Matundu ya masikio aliyapitishia uzi mweusi yasije yakaziba. Mkononi alivaa saa ya kiume iliyokuwa imesimama. Nilipomuuliza mwanamke mwenye visanduku vyote hivi anakosaje hata hereni za kudanganyia watu, aliniambia dhahabu ni kitu cha kuhamahama, leo iko shingoni mwa huyu na kesho iko kwa sonara, lakini kisanduku hukaa na mtu mpaka kikamzoea. Kisha akanikumbusha kuwa nilimwahidi bawaba tangu juzi.

Mimi nilikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, nikajifunzia useremala huko huko. Nilirudi Burundi na msumeno, randa na Kiswahili ambacho watu wa hapa wanakicheka. Nilipomwamkia shikamoo kwa mara ya kwanza, Shangazi aliitikia marahaba, kisha akawageukia wanawake waliokuwa wakipita na kuwatangazia kwamba sasa amepata Mtanzania wake mwenyewe. Siku hiyo alikuwa ameniletea kisanduku cha mama yake. Katika vyote alivyokuwa navyo, hicho peke yake hakukinunua.

Kilikuwa cha mvule, cheusi kwa kushikwa na mikono ya watu, na njumu za shaba zilizojaa kifuniko kizima kwa maua ya duara. Kilisimama kwa miguu minne midogo, na mmoja ulikuwa umevunjika. Nilimwambia nitachonga mwingine na kuupaka rangi mpaka asijue upi ni upi. Alinitazama kana kwamba nimetukana mtu.

"Usifiche," alisema. "Mi nataka mtu aone ilivunjika, ikapona."

Basi nikauchonga kwa mti wa grevilea, mweupe, nikauacha hivyo hivyo. Ni kazi niliyoifanya kwa moyo, maana nilikuwa mgeni na nilitaka sifa. Shangazi alikiweka kisanduku mezani, akakibonyeza kwa kidole pembe zote, akasema, "Haichezi," akaondoka nacho. Hiyo ndiyo sifa niliyoipata, na kwa miaka iliyofuata sikuwahi kuongezewa nyingine.

Watu wa sokoni walijua kuwa mizani yake ya ubani ilikuwa na tabia zake. Mimi mwenyewe aliwahi kuniuzia udi ambao nusu yake ilikuwa magome ya kawaida, na niliporudi kulalamika akacheka, akaniongeza kidogo, akaniambia Mkristo anataka udi wa nini. Lakini juu ya kisanduku hakuweza kusema uongo. Nasema hakuweza, kwa sababu nilimwona akijaribu kunyamaza na ikamshinda.

Dada yake mkubwa alirudi safari ya nchi za Waarabu na kisanduku kilichong'aa, akakiita cha kale, akawaalika wanawake wa mtaa waje wakione, nami nilikuwepo, natengeneza dirisha lake. Shangazi alikaa pembeni na kikombe chake cha chai, hasemi kitu, mpaka dada akamlazimisha akishike. Akakigeuza. Skurubu za chini zilikuwa za nyota, zile zinazotoka kiwandani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kisanduku ni kizuri, rangi yake nzuri, lakini kimetengenezwa juzi na mashine. Dada akamwambia mbele ya wote kuwa wivu umemjaa. Shangazi akajibu, "Mi naweza kukudanganya bei ya ubani, dada. Juu ya sanduku, hapana." Walikaa bila kutembeleana muda mrefu sana, hata futari walitumiana kwa watoto, na Shangazi aliumia, maana huyo ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Nilimwambia angeweza tu kusema ni kizuri akanyamaza hapo. Alikubali kwamba angeweza. Baadaye akasema hapana, asingeweza.

Ukweli wake ulikuwa ukimtia hasara pia. Tulikwenda naye Bukirasazi kwa mkulima mmoja aliyekuwa na kisanduku kimewekwa juu ya kichanja cha jikoni, ndani yake mbegu za intore, zile nyanya chungu ndogo. Masizi yalikifunika chote. Shangazi alikipangusa kwa upindo wa kitenge na gamba la chaza lililopachikwa kwenye kifuniko likatokea, likameta kwenye lile jiko lenye moshi. Mimi nilikuwa namkanyaga mguu ili asiseme. Mkulima alikuwa tayari kukitoa kwa sufuria mpya, na sufuria tulikuja nayo. Shangazi akaketi chini, akamweleza mtu yule kila kitu: kisanduku ni cha namna gani, kilitoka mbali kiasi gani, na kwa nini hakifai kukaa kwenye moshi. Mkulima akasikiliza vizuri, akashukuru sana, akakiingiza chumbani kwake na kufunga mlango. Tukarudi Gitega na sufuria yetu. Nilinuna njia nzima. Yeye alikuwa anafurahi kwamba mbegu zimetafutiwa mahali pengine.

Kila alipopata kisanduku, kabla ya kutazama kufuli wala mbao, alikifungua akaingiza pua. Alifumba macho, akakaa hivyo, kisha akakuambia: hiki kimekaa na karafuu, hiki kimekaa na dawa ya nondo, hiki mwenyewe alikuwa anaficha tumbaku. Muuzaji hakuulizwa ndani mlikuwa na nini. Aliulizwa kilikuwa cha nani, na huyo mtu alikuwaje. Wengine walikuja kuuza kitu cha marehemu bibi yao wakajikuta wanalia kwenye kile chumba, na Shangazi, ambaye alikuwa bahili wa chai kupita watu wote ninaowajua, aliwawekea maji motoni. Mtu akilia kupita kiasi alimrudishia kisanduku chake, akamwambia aende nacho nyumbani, aje siku nyingine akiwa na uhakika.

Sasa niseme habari ya kuazimisha, kwa sababu ndiyo iliyomfanya ajulikane mpaka Muyinga.

Katika harusi za Waislamu wa mtaa huu, bibi harusi anapopelekwa kwa mume, shangazi mmoja wa upande wake hutangulia mbele amebeba kisanduku kwa mikono miwili, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Ndani ndimo zinamosemwa kuwamo dhahabu za binti. Hakuna anayekifungua, na kuuliza kuna nini ndani ni kukosa adabu. Zamani dhahabu zilikuwemo kweli. Lakini familia nyingi ziliuza vitu vyao miaka mibaya, na kisanduku chenyewe kikauzwa navyo. Basi mama wa bibi harusi alikuja kwa Shangazi jioni, amejitanda vizuri, wakazungumza mambo ya mvua na bei ya mchele, na akiondoka alikuwa na kitu chini ya mtandio. Baada ya harusi kisanduku kilirudi vile vile, chini ya mtandio. Shangazi hakuchukua malipo. Alikuwa na sharti moja tu: kisirudi kitupu. Kiwe na chochote kinachonukia au kitamu, sukari kidogo, kipande cha udi, karafuu. Alivimimina kwenye kisahani, akakinusa kisanduku, akakirudisha mahali pake kwenye rafu niliyomtengenezea, yenye nafasi iliyopimwa kwa kila kimoja. Mtaa mzima ulijua kuhusu kuazima, na hakuna aliyekuwa akilisema jambo hilo.

Siku moja zilikutana harusi nyingi, na vile vinavyofaa kubebwa vyote vilikuwa vimetoka. Akaja mama mmoja, mjane, mshonaji wa mtaani kwetu, binti yake anaolewa Muyinga. Shangazi alisimama mbele ya rafu kwa muda, kisha akamtolea kile cha mama yake, ambacho alikiazimisha mara chache sana. Nilikuwepo, nafunga bawaba. Alikipangusa mwenyewe, akakifunika kitambaa mwenyewe.

Kosa lilifanyika kule Muyinga. Watu wa kule wana desturi ambayo sisi hatukuijua: vitu vya bibi harusi vikiingia, mtu mmoja wa upande wa mume husimama mlangoni akavitaja kimoja kimoja kwa sauti, wageni wote wasikie. Akataja godoro, akataja masufuria, akataja mikeka. Dada wa baba yake binti, aliyebeba kisanduku, alipofika, yule mtu akakipokea kwa heshima kutoka mikononi mwake, akatangaza kisanduku cha bibi harusi, cha ukoo wao, akakipeleka chumbani pamoja na vingine. Vigelegele vikapigwa. Mwanamke yule angesema nini? Aseme nirudishieni, ni cha kuazima? Alirudi Gitega mikono mitupu.

Mjane alikuja kwa Shangazi asubuhi yake na hakuweza kuketi. Alisema watatuma mtu, watakiomba kwa siri, watasema kinahitaji kutengenezwa. Shangazi akamkataza. Kisanduku kikidaiwa, alisema, binti ndiye atakayelipa, kila siku, kwenye jiko la mama mkwe wake. "Wachia hivyo," akamwambia. "Mtoto aishi." Mjane akaondoka akilia. Shangazi akaenda sokoni kuuza ubani kama kawaida.

Ile nafasi kwenye rafu aliiacha wazi. Kila Ijumaa aliipangusa vumbi kama vile kisanduku bado kimo. Alinunua visanduku vingine, vikakosa mahali, akaviweka sakafuni. Niliwahi kumwambia cha bati kimoja kingeenea pale, akaniuliza kama nimekosa kazi. Mara moja tu nilimkuta ameegemea rafu, ameweka kiganja kwenye ile nafasi. Aliniambia hakumbuki tena vizuri sura ya mama yake, ila harufu ya kile kisanduku anaikumbuka yote. Nilimpenda sana yule mwanamke, na nilikuwa na hasira kwa ajili yake ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Miaka ikapita. Mjane akafariki. Halafu ukaja ujumbe kutoka Muyinga, kwa simu: mama mkwe wa yule binti anamwomba mtu wa visanduku wa Gitega aje amwangalizie kisanduku kilicho nyumbani kwake. Hakujua anamwita nani. Alisikia tu kuwa kuna mwanamke Gitega ambaye juu ya visanduku hasemi uongo.

Nikaenda naye nibebe vifaa. Mafuta ya gari yalikuwa adimu, tukasubiri nusu siku mpaka tukapata taksi ya kupitia Karusi. Ndani ya mfuko wangu niliweka kipande cha shuka safi cha kufungia kisanduku. Aliniona nikikiweka. Nilimuuliza kama atakichukua, akasema, "Tutaona," akalala njia nzima, au akajifanya amelala.

Mama mkwe alikuwa mtu mzima wa heshima, mwenye duka la vyombo. Alitukaribisha kwa chai nzito na maandazi. Binti alikuja kutusalimia na mtoto mgongoni. Alipomwona Shangazi alisita mlangoni na sinia ya vikombe mkononi. Wifi yake, dada wa mume, alikuwa ameketi kwenye kochi. Mambo yakaelezwa. Wifi huyo aliwahi kusoma Gitega, na sasa anasema kisanduku hiki alikiona kule, kwenye harusi ya watu wengine kabisa. Kama ni kweli, basi mke wa kaka yake aliingia nyumba hii na kitu cha watu, na ukoo wake ni waongo. Maneno hayo yalikuwa ndani ya nyumba tangu mwezi wa mfungo, na mume alikuwa ameanza kuyasikiliza.

Kisanduku kililetwa. Kilikuwa kimetunzwa vizuri, shaba inang'aa. Shangazi alikiweka mapajani. Hakukinusa kwanza kama desturi yake. Alipitisha kidole gumba kwenye maua ya kifuniko, polepole, ua kwa ua, kisha ndipo akakifungua na kuinama. Alikaa ameinama hivyo mpaka nikaona aibu kumtazama.

Wifi hakungoja. Akakigeuza juu chini, akaonyesha mguu mweupe.

"Hii mguu, mi niliiona," akasema. "Nilijiuliza quand même, hata hivyo, kwa nini haifanane na ingine. Fundi, we si ndiye unatengenezaka za huyu mama? Hii si kazi yako?"

Wote wakanigeukia. Yule binti alikuwa bado mlangoni. Mimi nilikuja Muyinga na shuka mfukoni, na kwa miaka yote ile nilikuwa nimeyapanga maneno ya kusema siku kisanduku kile kitakapokuwa mbele yangu. Nikautazama mguu wangu. Ulikuwa umekaa vizuri kuliko ile mingine mitatu.

"Hapana, dada," nikasema. "Mimi ningefanya vizuri zaidi."

Mama mkwe akacheka kidogo. Kisha akamgeukia Shangazi, akamwomba aseme yeye, na atakachosema ndicho kitakuwa.

Shangazi akafunga kifuniko. "Hii sanduku iko ya zamani ya kweli," akasema. "Ile ya Gitega mi naijua sana, nimeishika na mikono yangu. Siyo hii. Hii iko ya watu wa huyu mtoto. Muitunze." Akamnyooshea binti kisanduku, si mama mkwe, na binti ikabidi aweke sinia chini ili akipokee.

Mama mkwe akamtazama wifi, akamwambia, "Umesikia." Wifi akainuka akaenda kuosha vikombe, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya sukari.

Wakati tunaingia kwenye gari, binti alikuja akikimbia na mtoto anaruka mgongoni. Alimpa Shangazi kitambaa kidogo cha kufuma kilichofungwa fundo. Alisema, "Shangazi, hii ilichelewa," akageuka akarudi ndani kabla hajajibiwa.

Tukaipita Karusi. Hapo Shangazi akaniuliza, akiwa anatazama dirishani, kama kweli ningeweza kuufanya ule mguu vizuri zaidi. Nikamwambia hapana. "Ndiyo," akasema. "Usingeweza. Iko mzuri sana ule mguu." Nilishukuru kwamba dereva alikuwa na redio. Kisha akafungua fundo. Ndani mlikuwa na karafuu, kiganja kimoja. Kitambaa nilikitambua: ndicho Shangazi alichofunikia kisanduku siku ile, yeye mwenyewe.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alizimimina karafuu kwenye kisahani, akakisukuma mpaka ndani ya ile nafasi tupu ya rafu, akainamisha uso pale na kufumba macho. Nilitaka kumwambia pole. Alipoinuka aliniambia kesho nije na futi na misumari niongeze rafu nyingine, kwa sababu vile vya sakafuni vinahitaji mahali, na hapa pameshapata mwenyewe.